Dungu la Mtu Mmoja

Mtu akikuambia ajira ya kudumu ni raha, mwulize kwanza amepangiwa wapi. Mimi nimepangiwa Katavi, kwenye ofisi ya halmashauri, chumba cha mwisho kwenye korido, na mlangoni pameandikwa Ofisa TEHAMA. Kazi yangu ni kufufua printa za wahasibu na kuwapa paswedi mpya watu waliosahau ile niliyowapa juzi. Ni watu wema, sina neno nao. Lakini ukifika mwezi wa nne, mpunga unapoanza kutoa masuke, mimi pale sipo. Mwili uko kwenye kiti, roho iko Michenga kwenye shamba la baba.

Mwaka jana, mwezi huohuo, Bi Scolastica alinipigia simu. Alinifundisha chuoni, na sasa anaongoza mradi wa utafiti pale Ifakara. Alikuwa anatafuta mtu wa kusimamia mfumo wa kukusanya takwimu za malaria vijijini, mtu anayejua kompyuta na anayelijua bonde letu la mpunga. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Wafadhili wakiendelea, mkataba unaongezwa. Wasipoendelea, mnapeana mikono na kuagana.

"Usinijibu sasa, Frida," alisema. "Nenda likizo, ongea na wako, kisha uniambie."

Mimi nilikuwa nimeshasema ndiyo moyoni kabla hajamaliza sentensi. Kutoka Ifakara mjini hadi Michenga ni safari ya bodaboda tu. Ningekuwa namwona baba kila Jumapili, ningekula samaki wake akiwa bado wa moto. Nilitamani nyumbani mpaka nikaona aibu, mtu mzima mimi. Kikwazo kilikuwa baba mwenyewe.

Baba yangu, Mzee Fulgensi, ndiye aliyeipenda ajira yangu kuliko mimi. Nilipothibitishwa kazini alitoa misa ya shukrani, na kabla ya baraka ya mwisho akasimama mbele ya waumini akatangaza kwamba binti yake wa pekee sasa ni mtumishi wa serikali kwa masharti ya kudumu na pensheni. Alilitamka neno "kudumu" kwa sauti iliyotikisa kanisa. Tangu siku hiyo Michenga nzima inamwita Mzee Kudumu, na yeye anaitika bila kinyongo. Mama yangu, Theodosia, alikuwa bado hai, amekaa benchi la mbele na kitenge kipya. Mwaka uliofuata tulimzika.

Kwetu, nyumba ya matofali iko Katindiuka, si mbali na shamba, lakini msimu wa mpunga ukianza familia inahamia shambani na kulala kwenye dungu: nguzo ndefu, sakafu ya matete, paa la nyasi na ngazi. Juu pale mnalala, mnapika, na mnaamia ndege, maana mkizubaa kwelea hawawaachii hata punje. Mafuriko na mchwa hulimaliza, kwa hiyo kila mwaka linajengwa jipya, kwa kipimo cha watu watakaolala. Na kila mtoto ana kipande chake cha mpunga. Changu kilikuwa kando ya mfereji. Hata nilipokuwa chuoni mama alikipanda, akakiita cha Frida.

Basi nikaenda likizo. Bodaboda aliniacha barabarani nikatembea juu ya tuta, harufu ya mpunga mbichi imenijaa puani, nikajiona nimefika peponi. Baba alikuwa juu ya dungu akiwapigia ndege kelele.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba, mama! Serikali imekuachia?"

Akateremka, akanishika mikono yote miwili, akanitazama kama anayehakiki mzigo. Alikuwa amekonda. Nikapanda ngazi niweke begi langu, nikakosa pa kuliweka. Mkeka wake, chungu, na mwisho wa sakafu. Nilikaa ukingoni miguu ikining'inia hewani.

"Baba, mbona umejenga dungu dogo hivi?"

"Nalala peke yangu. Kubwa la nini?"

Nikageuka kuangalia mfereji. Kwenye kipande changu kulikuwa na mwanamke akivuta kamba zenye makopo, makopo yanalia, ndege wanaruka.

"Yule nani?"

"Nyamizi. Wamehamia hapa na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, mtu mchapakazi sana. Nimempa alime pale."

"Umempa kipande changu?"

"Wewe si una ajira ya kudumu?" Alisema kwa furaha kabisa, kama mtu anayekukumbusha bahati yako. "Mtu wa kudumu anarudi kulima lini?"

Hasira ilinipanda. Nilikuwa nimepanga kumweleza taratibu, baada ya kula, kwa maneno mazuri niliyoyafanyia mazoezi njia nzima ndani ya basi. Sina subira, nimemrithi yeye. Nikayamwaga palepale.

"Nimepata kazi Ifakara, baba. Nataka kurudi nyumbani."

Uso ulimng'aa. "Wamekuhamishia Ifakara?"

"Hapana. Ni mradi. Mkataba wa miaka miwili."

Nilimwona anavyozimika. Aliokota donge la udongo, akaliweka kwenye kombeo, akalirusha upande ambao haukuwa na ndege hata mmoja.

"Na miaka miwili ikiisha?"

"Sijui."

"Hujui! Nilisimama kanisani, Frida. Nikasimame tena niseme nini? Kwamba mwanangu ameacha serikali akawa kibarua?"

"Si kibarua, baba. Na hata dungu hili ni la msimu mmoja, na humu ndimo nilimokulia."

"Ndiyo maana nilikusomesha. Usije ukaishi hivi."

"Na wewe nani anakuangalia?"

"Mimi nawaangalia ndege, na ndege wananiangalia mimi."

Nilicheka huku machozi yakinitoka, na yeye hakucheka. Akakaa kwenye ngazi, akanipa mgongo, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kama unanipenda, mama, rudi kazini kwako."

Ungekuwa ukali, ningemjibu kwa ukali.

Dungu halikuwa na nafasi yangu, kwa hiyo likizo ile nililala Katindiuka, peke yangu kwenye nyumba ya matofali, nikawa naenda shambani asubuhi na kurudi jioni. Nyamizi akanipokea kwa uungwana.

"Dada, nimeambiwa hiki kilikuwa chako. Nikupishe?"

"Lima tu, dada," nikamwambia. Nikashika kamba nyingine, tukaamia pamoja mpunga wake kwenye udongo wangu. Baba alitutazama kutoka juu, na mara nyingine akanyoosha kidole kutuonyesha kundi la kwelea linakotokea. Habari ya mkataba hakuigusa tena, wala mimi sikuigusa.

Siku ya kuondoka nilimpigia Bi Scolastica, nikamshukuru, nikamwambia nina ajira ya kudumu. Sijawahi kulichukia neno hilo kama siku ile. Nafasi ilichukuliwa na kijana wa Kiberege anayeitwa Nickolaus. Nasikia anaimudu vizuri, na inanitosha kusikia hivyo.

Mwaka ukazunguka. Printa zikafa, nikazifufua. Wiki iliyopita Nyamizi akanitumia picha kwenye simu: baba amesimama juu ya dungu jipya, ameshika nguzo, amenuna kama wazee wote wanavyonuna mbele ya kamera. Dungu lenyewe ni pana, sakafu ya kulala wawili na nafasi ya kugeuka. Chini ya picha Nyamizi alikuwa ameandika, "Mwaka huu mzee amenihamishia upande wa juu. Cha kando ya mfereji amepanda mwenyewe, anasema ni cha Frida."

Niliitazama picha mpaka kioo kikazima. Kisha nikampigia.

"Shikamoo baba. Naona umejenga jumba."

"Marahaba. Upepo wa mwaka huu mkali. Dungu jembamba linayumba."

"Na upande wa pili analala nani?"

Kwenye simu nilisikia makopo yanalia, na kwa mbali Nyamizi akiwafukuza ndege.

"Naweka ndoo," akasema.

"Ndoo moja, baba, upande wote?"

"Na jembe."

Nilitaka kumwambia kwamba nafasi imeshapata mtu, kwamba yeye ndiye aliyeniambia nirudi, kwamba nimetii. Na yeye hakukata simu, ingawa huwa anakata upesi, akidai betri inaisha.

Mlango ukagongwa. Mhasibu akachungulia na tabasamu lake. "Dada Frida, samahani, ile paswedi imenipotea tena."

Nikamwonyesha kwa mkono asubiri, nikaibana simu sikioni nisikilize makopo kidogo zaidi.