Neno Alilopelekewa Hawa

Kokulinda hakuwa mtu wa kulala na swali. Alizaliwa kiziwi huko Muleba, akasomeshwa shule ya viziwi hadi akamaliza, na sasa alikuwa na mwaka wa tisa akikata minofu ya sangara katika kiwanda kimoja cha Nyakato, Mwanza. Wenzake walimjua. Ukimwonea kwenye zamu, atakufuata mpaka ofisini na kalamu na karatasi, na hatoki huko bila jibu.

Kwa hiyo Alhamisi moja jioni, Mchungaji Josephat alipokuwa akiwafundisha viziwi wa usharika habari za uumbaji na anguko la wanadamu, Kokulinda alikuwa na Maandiko yake mapajani, kidole kikitembea mstari kwa mstari. Mchungaji alizungumza. Rachel, mkalimani wao, alisimama pembeni yake akiyageuza maneno kuwa alama.

"Hawa aliisikia amri ya Mungu kwa masikio yake mwenyewe," mchungaji alisema, "kisha akaipuuza."

Kokulinda akainua mkono. "Aliisikia lini?"

Rachel akalitoa swali kwa sauti. Mchungaji akatabasamu. "Pale bustanini, Dada Kokulinda. Mungu alipowakataza lile tunda."

"Siyo aliwakataza. Alimkataza Adamu. Amri iko juu hapa, na mwanamke anaumbwa chini hapa. Amri ilipotolewa, Hawa alikuwa bado ubavu."

Viziwi kumi na wawili wakacheka kwa mabega. Mchungaji akavaa miwani, akafungua sura ya pili, akasoma kimya. Akarudi nyuma, akasoma tena. Alikuwa amehubiri habari hiyo kwa miaka kumi na minne.

"Basi nani alimwambia?" Kokulinda akauliza.

"Itakuwa ni mumewe," mchungaji alisema polepole.

"Na huyo mume alimwambia vyote, kama vilivyosemwa? Tazama. Mungu alikataza kula. Nyoka anapomuuliza Hawa, Hawa anasema hata kuligusa wamekatazwa. Hilo la kugusa limetoka wapi?"

Mchungaji akavua miwani. Mtu mwingine angekasirika, lakini yeye alikuwa muungwana. "Hilo utatufundisha mwenyewe," alisema. "Wiki ijayo ni Jumapili ya viziwi, na sijapata mhubiri. Utasimama wewe."

"Nitasimama," Kokulinda akajibu, wala hakuomba muda wa kufikiri.

Nyumbani Buswelu alimsimulia mumewe, Mayala, fundi cherehani aliyekuwa kiziwi kama yeye. Mayala akamwambia atamshonea gauni jipya. Kisha akauliza kama kaka yake Kokulinda naye ataalikwa.

Huyo kaka, Rweyemamu, alikuwa mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa Mwanza mwaka huo. Utotoni ndiye aliyekuwa kinywa cha Kokulinda. Wazazi wao hawakujua lugha ya alama. Watoto hao wawili walijitungia alama zao za nyumbani, na kila neno la baba na mama lilimfikia Kokulinda kupitia mikono ya kaka yake. Baba alikuwa kidevu kinachovutwa. Mama alikuwa fundo la kitambaa kichwani. Lakini tangu baba yao afariki, miaka sita iliyopita, walikuwa wakiandikiana salamu za sikukuu tu.

Kokulinda alijua sababu, au alidhani anaijua. Baba yao hakupenda aolewe na Mayala, Msukuma, tena kiziwi. Baba alipolazwa, Kokulinda alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Alifungasha nguo ili apande basi, na ujumbe wa Rweyemamu ukaingia kwenye simu: Baba amesema usije. Maneno matatu. Akafungua begi, akazirudisha nguo kabatini. Siku kumi baadaye baba akafariki, akazikwa bila yeye kuwapo. Alipokwenda kumpa mama pole, mama alimpokea kwa ubaridi, naye hakuuliza kitu. Katika maisha yake yote, hilo ndilo swali pekee alilowahi kulimeza.

"Mwalike," Mayala alisema.

Akamwalika.

Jumapili ile kanisa lilijaa. Kwaya ilipokaa, Kokulinda alipanda mbele katika gauni la bluu, na Rachel akaketi benchi la kwanza na kipaza sauti, amtolee sauti. Rweyemamu alikuwa safu ya tatu, amevaa tai.

Kokulinda alianza na giza. Alifunika uso kwa viganja, akakaa hivyo hata watu wakaanza kutazamana, kisha akavifungua ghafla, na Rachel akasema, "Nuru." Akayatenga maji ya juu na ya chini kwa mikono miwili. Akaliita ziwa, akapandisha mawe juu yake, jiwe juu ya jiwe, kama yanavyokaa Mwanza, na watoto wakapiga kelele za furaha kwa kuyatambua. Akaleta sangara, kiboko, korongo mwenye shingo ndefu. Kisha akapiga magoti, akachota udongo, akaufinyanga mtu, akamvuta pua na kuchonga masikio, akapuliza. Rachel alikuwa ameacha kutafsiri. Hapakuwa na haja.

Mungu alimpa mtu yule amri kwa alama kubwa, za taratibu, uso kwa uso. Mwanamke akaumbwa. Ndipo Kokulinda akawa Adamu akimpelekea mkewe ile amri, na hapo kanisa zima likaangua kicheko, kwa maana Adamu alizungumza huku akitazama kwingine, mkono mmoja ukijikuna, alama zikikatwa katikati: mti, ule, usile, usiguse, basi, nitakueleza baadaye.

"Viziwi tunamjua mtu huyu," Kokulinda alisema, na Rachel akatoa sauti. "Mnacheka nusu saa mezani, tunauliza kuna nini, mnatuambia hakuna kitu. Daktari anaeleza dakika kumi, ndugu anatuambia kunywa dawa. Sisemi Hawa hakukosa. Alikula, na kwa kula kwake aliulizwa akajibu. Lakini someni vizuri. Adamu alikuwa palepale na mkewe. Amri aliisikia mwenyewe. Nyoka alipoipindisha, Adamu alikuwa na kinywa, akanyamaza. Mungu alipomuuliza, kinywa kikafunguka, akasema ni huyu mwanamke."

Akanyoosha kidole pembeni, kama alivyonyoosha Adamu. Kidole hakikumlenga mtu. Lakini katika safu ya tatu Rweyemamu alisimama, akapenya magoti ya watu, akatoka nje.

Kokulinda alimaliza hotuba yake yote. Alieleza jinsi Mungu alivyowashonea wale wawili mavazi kabla ya kuwatoa, akamtaja mumewe fundi, watu wakacheka tena. Akashuka. Ibada ilipokwisha, alimkuta kaka yake nyuma ya kanisa, karibu na tangi la maji, tai ameilegeza.

Rweyemamu alianza kuandika kwenye simu. Kokulinda akaifunika simu kwa kiganja. "Kwa mikono," alisema.

Ilikuwa imepita miaka mingi tangu watumie alama zao. Mikono ya Rweyemamu ilisita kama ya mtu anayetafuta swichi katika chumba asichokijua. Kisha akavuta kidevu: baba.

"Baba hakusema usije," alisema.

Kokulinda akamsogelea. "Alisemaje? Neno kwa neno."

Pale alama za nyumbani zilipokosekana, Rweyemamu aliandika hewani kwa kidole, herufi moja moja. Baba alisema: mwambie Koku asisafiri sasa, mimba bado changa na barabara ni mbaya, nikipata nafuu nitakwenda Mwanza mimi mwenyewe, nikamwone yeye na mumewe.

"Na mumewe?"

"Na mumewe."

"Kwa nini hukuniandikia hivyo?"

"Nilikuwa nimechoka. Siku nne hospitalini sijalala. Mama hakujua nilichokuandikia. Na wewe nawe hukuuliza, Koku. Ungeuliza..."

"Usininyooshee kidole," Kokulinda alisema.

Rweyemamu akaishusha mikono. Alipoiinua tena, macho yalikuwa yamejaa. "Sikutaka umlete Mayala mbele ya wazee. Viziwi wawili, watu wakitutazama. Niliona haya. Nikakata maneno. Baba alipokufa, nikaogopa kuyarudisha."

Kokulinda alimtazama kaka yake. Alitaka kumpiga, na alijua kwamba angempiga asingezuiwa. Badala yake akaanza kupanga. Jumatatu ataomba ruhusa kiwandani. Jumanne watapanda basi, yeye, Mayala, mtoto wao Odeta, na Rweyemamu. "Utasema mbele ya mama," alimwambia, "hivyo hivyo ulivyosema hapa. Hukati kitu."

Walikwenda. Rweyemamu alipiga magoti sebuleni Muleba, akasema yote kwa mdomo na kwa mikono, mbele ya Mayala aliyekaa kwenye kiti cha wageni. Mama yao, Celestina, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, na kwa mara ya kwanza tangu utoto Rweyemamu akaleta neno la mama likiwa zima: "Miaka sita nilidhani wewe ndiye uliyekataa kuja kumzika baba yako."

Akanyanyuka, akaishika mikono ya binti yake yote miwili, akaibana kifuani, asiiachie hata Kokulinda alipotaka kujibu. Baadaye alimfuata Mayala, akamsalimu kwa kichwa kuinama, akamwita mwanangu.

Rweyemamu alisimama mlangoni hajui aende wapi. Kokulinda akamsukumia beseni la ndizi na kisu, akamwonyesha jikoni. Hakuwa amemsamehe bado, na alimwambia hivyo waziwazi. "Menya," alisema. "Na Alhamisi uje kanisani, kwenye darasa la Rachel, ujifunze alama za watu wazima. Hizi zetu ni chache, mtu anapata pa kujificha."

Alhamisi alikuja, akaketi mstari wa nyuma kati ya wanafunzi wapya. Alikuwa mzito wa vidole. Kokulinda alipita nyuma yake, akatazama, akamshika kidole gumba na kukigeuza kilivyotakiwa, kisha akamwambia arudie tangu mwanzo.