Linki ya Mathilde

Mimi sikuzaliwa jana. Waulize watu wa Lodwar, watakuambia Nekesa hata padre akimbariki hufungua jicho moja. Na ungekuwa na kazi yangu ungefungua yote mawili.

Duka letu lilikuwa Nairobi, lakini halikuwa na mlango wala rafu. Lilikuwa ndani ya kompyuta. Unachagua viatu au taa ya sola kwenye picha, unaletewa mpaka Turkana, unalipa ukipokea. Kwa kuwa huku hakuna aliyelijua, tuliweka mawakala. Kila wakala alipewa linki yake, mstari mrefu wa maandishi wenye namba yake mwishoni, na mteja akiingia dukani kupitia linki hiyo akanunua, wakala anapata kamisheni. Mimi ndiye niliyewasimamia mawakala hao, watu ishirini na watatu, kuanzia Katilu mpaka Kakuma. Niliwaandikisha, nikawafundisha, na wakidanganya nikawafungia. Hiyo ya mwisho nilikuwa naifanya kwa moyo wote, sitaki kudanganya.

Maana wadanganyifu walikuwepo, jamani! Kulikuwa na mwalimu mmoja Katilu, Kipngeno, aliyejiagizia viatu jozi sita kwa linki yake mwenyewe, kila jozi kwa jina la mwanafunzi. Nilimfungia akiwa bado ananieleza kwenye simu. Baada ya yeye sikumwamini tena mtu yeyote.

Sasa mwezi wa tano 2013, siku ya Ijumaa, Lochakapong akaingia ofisini kwangu, chumba kidogo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Lochakapong alikuwa wakala wangu wa Kakuma mjini, kijana mrefu mwenye bidii ya mguu. Alikuwa anazunguka mitaa yote ya wenyeji na ya kambini akilitangaza duka. Hakukaa.

"Madam, kuna mtu ananikula," akasema. "Nimetuma watu zaidi ya thelathini mwezi huu. Wamenunua. Wengine nimeona viatu miguuni mwao kwa macho yangu. Kwangu inaonyesha sufuri."

"Na nani anakula?"

"Sijui. Lakini huko kambini kuna yule mama Mkongo, Mathilde. Watu wanasema yeye ndio anaandikia watu kwa kompyuta."

Watu wanasema. Na mimi hapo hapo, lisemwalo lipo! Nikafungua kumbukumbu za Mathilde, wakala wangu wa kambini, moyo unanidunda kama mtu aliyemwona nyoka chini ya kitanda. Maagizo sitini na moja kwa mwezi mmoja, wakati wakala wangu bora Lodwar alikuwa na kumi na tisa. Yote sitini na moja yalitoka kwenye kompyuta moja. Yote kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana. Na simu ya kupokelea kamisheni, ambayo nilipomwandikisha sikuikagua, ilisajiliwa kwa jina la Namuria Lokiru. Namuria! Mturkana! Mkongo gani anaitwa Namuria?

"Aka!" nikapiga meza. "Huyu ana kundi."

Nikampigia Mathilde mara moja, hakupatikana. Mtu mwenye subira angepiga tena. Mimi nikaingia kwenye ukurasa wake, nikachagua "funga", na mahali pa kuandika sababu nikaandika "udanganyifu". Akaunti ikifungwa kwa sababu nyingine hufunguliwa tena. Kwa udanganyifu haifunguliwi, na mwenyewe hakubaliwi tena maisha yake yote.

Bosi wangu Cornelius alipiga kutoka Nairobi jioni. "Nekesa, una uhakika?"

"Mia kwa mia."

"Basi nenda uchukue maelezo yake, tuweke kwenye faili."

Jumatatu nikaenda Kakuma na gari letu la kupeleka mizigo, barabara nzima nikipanga maswali ya kumnasa. Nilipanga kutomwambia kwamba nimeshamfungia. Kwanza ajikanyage mwenyewe.

Saiba ya Mathilde, yaani duka la kukodishia watu kompyuta, ilikuwa kambini, Kakuma One, kibanda cha mabati cha Adhar, mzee mmoja wa Sudan Kusini. Ilikuwa na kompyuta mbili, na moja ilikuwa imekufa, imefunikwa kitambaa. Jenereta ilikuwa inawashwa saa nne na kuzimwa saa saba, mafuta ni ghali. Hapo tu ningepaswa kujiuliza. Lakini mimi nilikuwa nimekuja kukamata mtu, sikuja kujiuliza.

Mathilde alikuwa mbele ya ile kompyuta nzima, mwanamke wa miaka arobaini hivi, kitenge kimefungwa vizuri, kalamu nyuma ya sikio. Kwenye benchi walikuwa wateja watano. Aliponiona akaruka.

"Mama Nekesa! Karibu! Adhar, leta kiti, huyu ndio mukubwa wangu!"

Nikakaa. Tabasamu lake sikulijibu. Nikamwambia nataka kuona anavyofanya kazi.

"Ni vile ulitufundisha tu," akasema. Akaniletea daftari. Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika maneno yangu ya semina ya Februari, Lodwar, kwa mwandiko wa mtoto wa shule ya masista: *Kila asubuhi, kabla ya kazi yoyote, fungua linki yako uone kama inafanya kazi.* Chini yake, tarehe baada ya tarehe, alama ya vema. Hakuruka hata Jumapili ya Pasaka.

Nikahisi baridi, na Kakuma hakuna baridi.

"Na hawa?" nikauliza, nikionyesha benchi.

Mteja wa kwanza akajibu mwenyewe, mama wa Kiturkana mwenye shanga mpaka kidevuni. "Ejok," akanisalimu. "Mimi nimetumwa na Lochakapong. Nataka taa."

"Amekupa linki? Karatasi yenye maandishi?"

"Karatasi ya nini? Amesema niseme ni yeye amenituma."

Mungu wangu. Hivyo ndivyo watu wanavyotumana dukani huku: nenda kwa fulani, mwambie nimekutuma mimi. Mwenye duka anasikia, anakumbuka, siku nyingine anamshukuru aliyemtuma. Lochakapong alikuwa ametembea mwezi mzima akituma watu kwa mdomo, na kompyuta haina masikio. Yenyewe hukumbuka kitu kimoja: linki ya wakala iliyofunguliwa mwisho. Inaikumbuka siku thelathini, na kila atakayenunua kwenye mashine hiyo anahesabiwa kuwa mteja wa linki hiyo. Nyumbani kwa mtu mwenye kompyuta yake haina shida. Lakini hapa simu za wengi zilikuwa mulika mwizi tupu, zisizo na intaneti, na kambi nzima ilikuwa inanunulia kwenye mashine moja ambayo Mathilde, kwa amri yangu, alikuwa anaifungulia linki yake kila kukicha.

Wateja wa Lochakapong niliwaiba mimi. Nyani haoni kundule.

Lakini ubishi haufi haraka. Nikashika kamba yangu ya mwisho. "Na Namuria ni nani?"

"Namuria wa kuni? Ananiuzia kuni tangu 2009. Miye sina kitambulisho cha Kenya, laini ya pesa hawanipe. Yeye akanisajilia kwa jina lake. Kila mwisho wa mwezi anakuja na simu, ananipa pesa yote, ninamupikia chai." Akacheka. "Mama, kazi zote hapa zinaniuliza kibali. Hii haikuniuliza. Mgao wa chakula ukiisha, ni hii inafikisha watoto yangu mwezi mwingine."

Nikataka kumwambia kwamba nimeshamfungia, nikachelewa. Alikuwa ameshamgeukia yule mama wa taa. "Ngoja kwanza nifungue linki, toka Ijumaa jenereta ilikuwa mbovu." Akaifungua.

Ukurasa ukaja mweupe, na maandishi mekundu katikati. Mathilde akayasoma kwa sauti, polepole, kidole kwenye kioo. "Akaunti hii imefungwa. Sababu: udanganyifu."

Adhar akaacha kufuta miwani yake.

"Udanganyifu ni nani?" Mathilde akaniuliza. "Ni miye?"

"Nilifunga mimi," nikasema.

"Lini?"

"Ijumaa."

Akanitazama. "Ulifunga Ijumaa. Na unakuja kuniuliza leo."

Ningepigwa kofi ningeumia kidogo kuliko hapo. Nilitoka nje, nikasimama juani, nikampigia Cornelius na kumweleza kila kitu, kwa kupayuka kama kawaida yangu.

"Sheria unaijua," akasema. "Udanganyifu haufunguliwi. Labda msimamizi mwenyewe aandike kwa mkono na kutia sahihi kwamba wakala hana kosa, kosa ni lake. Na ukiandika hivyo, Nekesa, wakubwa watauliza mangapi mengine umefunga vile vile. Kazi itakuponyoka. Mwache huyo mama. Ni mkimbizi, atapata kitu kingine."

"Atapata nini?" nikamfokea. "Wewe unajua atapata nini?" Nikakata simu.

Nilimfikiria mama yangu Bungoma anayenitegemea, nikamfikiria yule Kipngeno ambaye sikumsikiliza mpaka mwisho. Niliogopa, nasema ukweli. Kisha nikarudi ndani nikaomba karatasi kutoka kwenye daftari lake. Niliandika kwamba Mathilde alifuata maagizo yangu kama yalivyo, kwamba maagizo hayo yalikuwa mabaya, kwamba Lochakapong alipoteza wateja kwa ajili ya maagizo hayo, na kwamba nilimfungia mtu bila kumuuliza hata swali moja. Nikatia sahihi.

Nikamwambia, "Nitaituma Nairobi leo. Wakiipokea watakufungulia. Mimi nadhani watanifukuza."

Nilitegemea machozi, au ile aksanti ya Kikongo. Haki ya nani nilitegemea.

Mathilde aliisoma karatasi mara ya kwanza, akairudia. Akamsomea Adhar, na Adhar akaitafsiri kwa Kiarabu cha Juba kwa wale wa benchi wasiojua Kiswahili. Hakuna aliyenipigia makofi. Kisha Mathilde akaiweka mezani, akaishikilia kwa kiganja.

"Mama," akasema kwa upole, "unaweza kunionyesha kitambulisho chako?"

"Cha nini?"

"Kina sahihi yako. Nataka nione kama ni sawa na hii."

Nikakitoa. Akakiweka kando ya karatasi, akainama, akafuata herufi moja moja kwa ncha ya kalamu. Zilifanana. Akamwita Adhar naye aje aangalie.