Kulen Aliyoikataa Bura

Watu husema kisasi kikikaa sana moyoni huoza. Cha Jagoda hakikuoza. Alikitundika kama nyama ya darini, kikakaushwa na moshi polepole, na siku ya kukikata kilikuwa kitamu kweli.

Jagoda alikuwa mjane wa kijiji kimoja cha Slavonia, na kazi yake ya uzeeni ilikuwa kulea watoto wa mbwa. Shule moja ya mbwa, ya mji wa Osijek, ilimletea kitoto, yeye akakifundisha kungoja, kutulia dukani, kunyamaza kanisani, kisha kikikua akakirudisha kikafunzwe kumwongoza mtu asiyeona. Kazi hiyo humpasua mtu moyo, naye aliifanya kwa hiari.

Wa kwanza aliitwa Grom. Alikuwa ameshaahidiwa Nevenka, mwalimu wa muziki ambaye tangu apoteze macho alikuwa hatoki nyumbani ila ameshikwa mkono na mama yake. Nevenka alikuja kumpapasa masikio, akacheka mpaka machozi. "Mama Jagoda, huyu nitakwenda naye sokoni peke yangu. Peke yangu, unasikia?"

Hakwenda. Siku ya mtihani wa kurudi shuleni Grom aliona kipande cha soseji barabarani, akamburuta Damir, mkufunzi wa shule, mpaka katikati ya magari. Mbwa anayeokota vya chini atamuua mtu wake siku moja. Akafelishwa palepale, akapelekwa kwa familia moja ya Zagreb akachezewe na watoto, na Nevenka akarudi kukaa jikoni kwa mama yake.

Jagoda hakuelewa. Hakuwahi kumpa Grom hata tonge nje ya bakuli. Wiki hiyohiyo akaenda kufagia chini ya miplamu, karibu na uzio, akakuta vipande vya mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa, vimejaa unga mwekundu wa paprika. Akainua macho. Mkono ulikuwa umetokeza juu ya uzio, unadondosha vingine. Mwenye mkono hakuwa na habari kwamba mbwa ameshaondoka.

"Stipan! Kumbe ni wewe?"

Jirani yake akachungulia, masharubu yanang'aa mafuta. "Ah, jirani, utani tu! Mbwa ni wa mnyororo na mfupa. Wewe unamvalisha kizibao chekundu, unampeleka kanisani kama mkwe!"

"Umemnyima mtu macho, mshenzi wewe."

"Haya, nenda kaseme. Nani atakuamini? Mimi sijui lolote." Akaondoka akicheka.

Damu ilimchemka Jagoda. Lakini hakwenda kusema popote. Alikaa jikoni akajiuliza: mtu huyu anapenda nini duniani? Mkewe? Thubutu! Stipan alipenda kulen yake, ile soseji nene ya nguruwe iliyompa ubingwa wa kijiji mwaka baada ya mwaka, mpaka akawa anasalimiwa kwa jina la bingwa, naye anaitikia.

Shule ilipomletea Bura, jike mweusi mwenye macho ya kusikitika, Jagoda akamtuma dada yake kwa Stipan akanunue kulen. Ndiyo, ya Stipan mwenyewe. Aliiweka sakafuni, mlangoni, chini ya kiti, kiganjani mwake. "Acha," alisema. Mbwa wa shule ile hula filimbi ikilia tu, na walezi wengine hulegeza sheria hiyo kwa huruma. Jagoda hakulegeza hata kidogo. Bura alidondokwa na udenda, akalia kwa pua, akajifunza. Mwishowe ukimwekea kulen mbele ya miguu aliiruka kama dimbwi.

Sikukuu ya kulen, siku ya kushindania ubingwa, ikafika. Damir naye akaja, maana alitaka kumwona Bura kwenye umati wa watu na harufu za nyama. Bura akionja hata kidogo, basi, atafuata njia ya Grom, na Nevenka hatapata mbwa safari hii pia. Jagoda alilijua hilo. Angeweza kupita mbali na meza ya Stipan. Akajiambia wewe mwanamke una wazimu, na bado akaenda kusimama palepale mbele yake.

"Stipan, nakuomba sana," akasema kwa sauti ya kusikika, "usimpe mbwa wangu kitu. Nakuomba."

Weee! Ni kama kumwambia mlevi asiguse glasi. Stipan alikata kipande kinono, akakiinua majaji wakione. "Jamani! Hata mbwa wa shule anaijua kulen ya bingwa!" Akakisogeza mpaka puani kwa Bura.

Bura akageuza uso.

Stipan akakiweka chini. Bura akakiruka, akaketi upande wa pili. Mzee Šima, mpinzani wa Stipan wa miaka yote, akapaza sauti: "Loo! Mbwa kaikataa! Stipan, umetia nini humo?" Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko, na jaji mmoja akarudisha kipande chake sahanini. Damir akamshika Jagoda bega. "Amefaulu, mama."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ubingwa ukaenda kwa Šima. Dukani watoto wakawa wanambwekea Stipan, wauza nyama wakimuuliza kama mbwa hajambo. Bura akamaliza mafunzo shuleni, akaenda kwa Nevenka. Jagoda akalia kwa kumkosa, na kila alipokumbuka masharubu ya Stipan yalivyonywea siku ile, akafuta machozi akacheka.

Siku moja Stipan akaja langoni, kofia mkononi. "Jirani, nimekwisha. Waambie watu kwamba mbwa alifundishwa kukataa."

"Nitawaambia, siku utakayowaambia nani alidondosha mafuta ya nguruwe ndani ya uzio wangu."

Jumapili baada ya misa, mbele ya baa, kijiji kizima kikisikia, Stipan akasema. Alisema yote, uso mwekundu kuliko paprika, akamtaja Grom, akamtaja Nevenka. Wanawake wakaguna. Mkewe akaondoka bila kumngoja.

"Sasa na wewe sema, jirani," akanong'ona. "Uliahidi."

Jagoda akasogea mbele, akafunga vizuri kilemba chake.

"Ni kweli, jamani," akasema. "Bura alifundishwa kukataa chakula." Akamtazama Stipan usoni. "Kama kile alichopewa ni chakula, hilo mimi sijui."