Dakika Tatu Getini

...na honi alishapiga, moja tu, ile honi ambayo yeye Kamanda huwatambia wenzake kazini kwamba ikilia mtaani hata majogoo hunyamaza kwa adabu, basi imelia, imeruka ukuta wenye vipande vya chupa, imeingia hadi ndani kwa Fundi Saa, na Fundi Saa hajatoka, jambo ambalo haliwezekani, miaka tisa halijawezekana, maana Fundi Saa hangoji honi, honi ndiyo humkuta keshasimama pale pale kwenye mfuniko wa mtaro, mkoba begani, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, nusu ya mtaa hurekebisha saa zao kwa kumchungulia yeye akifunga geti, na saa ya gari hili, ambayo Fundi mwenyewe aliifufua kwa pini ya nywele na matusi mawili, inasema saa kumi na mbili na dakika ishirini na moja, dakika moja hiyo imeshakwenda, zimebaki mbili, sheria ni dakika tatu, na sheria aliitunga Kamanda mwenyewe siku ya kwanza walipokubaliana kwenda mjini kwa gari moja, alisema humu hata mfalme anasubiriwa dakika tatu, ya nne atafute punda, wakacheka wote watatu, Fundi mbele, Mwalimu na Nesi nyuma, na toka siku hiyo jina likawa Kamanda, hata mkewe akimkasirikia humwita hivyo hivyo... "Kamanda," anasema Mwalimu huko nyuma, anagonga gonga goti, "leo mtihani, ndugu yangu, watoto arobaini wananitolea macho," na Kamanda anajibu bila kugeuka, "Tulia Mwalimu, nitakufikisha kabla wino wa maswali haujakauka," mdomo umejibu wenyewe, mdomo wake haujawahi kumtupa, ila jicho limebaki getini, kwa sababu taa ya juu ya geti inawaka, kumekucha kabisa, ukuta unaonekana hadi nyufa, na taa inawaka, na Fundi hawezi kuacha taa ikawaka mchana, mtu anayepuliza vumbi kwenye skrubu ndogo kuliko jicho la sisimizi ataachaje taa... na mkate pia, mfuko wa mkate anaoletewa na mwenye duka alfajiri, uko pale, unaning'inia kwenye komeo, umeloa umande.

"Labda kasafiri," anasema Mwalimu, "Labda," anasema Kamanda, na Nesi, ambaye siku zote husinzia toka kona ya kwanza mpaka kwenye geti la hospitali, leo hajasinzia, anauliza, "Kwani jana hakukwambia kitu? Wewe ndiye uliyemshusha wa mwisho, sisi tulishashuka," na Kamanda anasema, "Ah, aliniambia bwana, aliniambia kesho ukiona sijatoka, nendeni zenu," imetoka laini kama imepakwa mafuta, na ikishatoka anaiamini, si ndivyo alivyosema, kesho ukiona sijatoka, alisema hivyo kweli, mkono kwenye mlango wa gari, alisema... "Basi twende," Mwalimu anafurahi, anajiegemeza, na Kamanda anashika gia, funguo za bohari zimemlalia pajani, rundo zito utadhani anafungua jela, vijana thelathini wapo nje ya bohari sasa hivi wanasimama kwa mguu mmoja kama korongo, na mkuu mpya, yule mwenye viatu vya kulia lia, alishasema mbele ya watu wote, tutaona huyu asiyechelewa toka azaliwe, tutaona, na Kamanda akamwambia, mzee, mimi nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono, watu wakaanguka kwa kucheka, hawezi kuchelewa leo, leo hapana, na gia ameishika, na gia haiingii, au mkono ndio hauisukumi.

Watu wa kuwauliza wako wapi, mtaa mzima nyumba arobaini, rangi moja, mageti rangi moja, ikifika saa kumi na mbili kamili mageti yote yanafunguka pamoja kama midomo ya vifaranga, magari yanatoka kinyumenyume, kila mtu anainua vidole viwili kwenye usukani, hiyo ndiyo salamu, hujambo na kwaheri na pole na hongera, vyote mle mle kwenye vidole viwili, na sasa hivi hakuna kitu, wameondoka, wamebaki mbwa, na kwenye simu lipo kundi la mtaa ambalo watu hutukanana usiku kucha kuhusu takataka, mbwa wa nani, gari la nani limezuia njia, mzee wa nyumba ya kona alihama wakagundua baada ya miezi miwili, tena kwa sababu majani yalifika kwenye dirisha... Mke wake alimwambia juzi akikunja nguo, "Baba Mapacha, wewe watu unawajua kuanzia shingoni kwenda juu tu, wale unaowabeba kwenye gari," yeye akacheka, "Mimi? Fundi namjua mpaka meno ya nyuma," mke akauliza, "Haya, ana mke?" na yeye, palepale, bila hata kumeza mate, "Anaye, mrefu hivi, mkimya, anapenda maua," na sasa anatazama ule ukuta na hamwoni huyo mke, wala ua hata moja, miaka tisa hajasikia sufuria ikianguka mle ndani, amemwoza Fundi kwa mdomo wake mwenyewe, na huyo mke wa mdomo hawezi kuzima taa, hawezi kuingiza mkate.

Dakika ya pili. Simu inatetemeka kifuani, ni bohari, anaiacha itetemeke, na anaanza tena, kesho ukiona sijatoka, alisema hivyo, halafu... foleni ya jana, masaa mawili, hakuna aliyesogea, na nani alikuwa anaongea, yeye, nani mwingine, alikuwa anawahadithia alivyozuia gari la kupakia mizigo kwa kifua, tani tatu, likarudi nyuma likiomba radhi, Mwalimu anapiga kofi kiti, Nesi kalala, na Fundi pembeni yake ameshusha kioo mpaka chini, baridi inaingia, na Fundi anatoka jasho, jasho kwenye baridi, mkono wa kushoto kaubana chini ya mkoba kama anaficha kitu kilichoibwa, na Kamanda akamwona, aliona, hawezi kusema hakuona, akamwambia, "Mbona umejikunja kama springi ya saa, Fundi, nani kakuzungusha?" wakacheka, Fundi naye akacheka, la, meno ndiyo yalicheka, macho hayakuwemo... halafu hapa, hapa hapa kwenye mfuniko, akashuka, akashika mlango, hakuufunga, yeye ambaye mlango huufunga taratibu kama mfuniko wa saa ya mfukoni, aliushika wazi, akainama, akasema, "Kamanda, kesho ukiona sijatoka..." na Kamanda, mdomo bado wa moto na zile tani tatu, "Wewe? Siku wewe usipotoka jua nalo litaomba ruhusa!" na akacheka sana, akacheka mpaka akagonga usukani, alipomaliza kucheka mlango ulikuwa umeshafungwa.

"Sheria yako hiyo, Kamanda," anasema Mwalimu, anaonyesha saa ya gari, "dakika tatu kamili, ya nne atafute punda," na anacheka peke yake. Nesi hacheki. Nesi amejisogeza mbele, kichwa katikati ya viti, anasema polepole, ile sauti yao ya wodini, "Alisema nendeni zenu? Kwa maneno hayo hayo?" na Kamanda anafungua mdomo, mdomo uliorudisha nyuma malori, mdomo uliomwoza Fundi mke mrefu, anaungoja useme, nao leo umekauka kama soksi ya juani... "Hakumaliza," anasema. "Hakumaliza nini?" "Kusema. Nilimkatiza." Hayo tu, maneno matatu, hajawahi kusema maneno matatu tu toka aoe, na Mwalimu kule nyuma ameacha kugonga goti. "Alikuwa kaubana mkono wa kushoto," Kamanda anasema, "jasho linamtoka," na Nesi anasema, "Mungu wangu," anatafuta mlango kwa kupapasa, na Kamanda anazima injini.

Kumbe ni injini ndiyo iliyokuwa inafunika. Ikinyamaza, kitu kinasikika ng'ambo ya ukuta, chembamba, tii-tii-tii, kinapumzika, tii-tii-tii, saa ya kuamshia, wala si ya springi, ni ya betri, zile Fundi anazozidharau toka zamani, husema ya betri haina akili, Kamanda, ya springi huchoka kama mtu, ya betri haijui kuchoka, italia mpaka mtu aje aizime... inalia toka saa ngapi, tii-tii-tii, na simu kifuani nayo inaanza tena, na Kamanda yuko nje, hakumbuki kushuka, amesimama juu ya mfuniko wa mtaro mahali pa mtu mwingine, mkate unamgusa mkono, baridi, na geti liko mbele yake kama lilivyokuwa mbele yake asubuhi zote za miaka tisa, jeusi, limefungwa, ameweka viganja juu yake, na hajui, Mungu shahidi hajui, linasukumwa au linavutwa.