Rangi ya Nyumba ya Bi Kuruthumu

Soko jipya la Kariakoo lilipoanza kuonyesha paa lake, serikali iliamua kwamba kila kiwanja jirani nalo kipewe rangi kwenye ramani: kahawia kwa makazi, nyekundu kwa biashara, kijani kwa matumizi ya umma. Balozi wa nyumba kumi alieleza kwamba palipopakwa nyekundu patapanda ghorofa, na asiyeweza ghorofa atatafutiwa kiwanja mbali na mjini.

Bi Kuruthumu hakuwa na ghorofa. Alikuwa na vyumba sita, na nyumba hiyo ilifanya biashara kutoka barazani hadi uani. Basi akawakusanya wapangaji.

"Kesho bwana mipango anakuja. Sitaki kuona cherehani wala samaki. Hapa watu wanaishi tu."

"Nikiulizwa kazi yangu?" akauliza Wilbert, fundi wa barazani.

"Sema unaishi."

"Kuishi nako ni kazi, Bi Mkubwa?"

"Kwa uvivu wako, ndiyo."

Asubuhi cherehani ililala chini ya kitanda. Hyasinta, mkaanga samaki, alizima jiko akajifungia chumbani. Wengine wakafuata, kimya kama kaburi. Bi Kuruthumu akaingia chumba cha uani kuvaa kanga mpya, maana serikali haipokelewi hivi hivi.

Alipotoka kwa mlango wa uani na kuzunguka mbele, alimkuta bwana mipango, kijana Severine, barazani, ramani mapajani, ameshika penseli ya kijani.

"Shikamoo, mama. Nimepiga hodi mara tano. Jirani wewe?"

"Marahaba. Unaandika nini, mwanangu?"

"Nyumba hii haina watu. Soko linahitaji choo cha umma, na hapa panafaa mno."

Bi Kuruthumu alikuwa amezaa watoto saba ndani ya nyumba ile. Alipata picha ya Kariakoo nzima ikipanga foleni mlangoni kwake, akapiga makofi.

"Tokeni nyote! Fanyeni kazi!"

Wakatoka kama siafu. Hyasinta akawasha jiko. Wilbert akaburuta cherehani, na alipoona suruali ya Severine imefumuka nyuma, akamwambia kwa heshima zote aivue.

Hivyo mpango wa mji ukasimama saa nzima, mwenye mpango amejifunga kanga, anakula changu wa kukaanga. Aliona watu wakishonewa, wakila, wakinyonyesha, wakisinzia kwenye mkeka uleule.

"Mama, hii ni biashara au makazi?"

"Wewe umekaa hapa unafanya nini?"

Severine alifikiri. "Nakula. Na nasubiri suruali."

"Basi andika hivyo."

Hakuandika hivyo, ila alifuta kijani, akachora mistari ya kahawia na nyekundu, mmoja baada ya mwingine, akaandika pembeni: "Matumizi mchanganyiko, wakaaji wasihamishwe." Kisha akavaa suruali, akaenda mtaa wa pili kutafuta pa kuweka choo. Huko habari zilikuwa zimemtangulia. Kila baraza ilikuwa na fundi cherehani, hata wale ambao hawajawahi kushika sindano.