Nilichagua Baiskeli

Muuguzi alinipima presha mara mbili, akatikisa kichwa, kisha akanisemesha kama mtoto mtundu: kukimbia au kuendesha baiskeli, chagua mwenyewe, lakini ukiendelea kukaa utakufa umekaa. Nilikuwa na miaka arobaini na saba na kitambi nilichokilea ukimbizini Bujumbura, nyuma ya meza ya duka la vitambaa, kwa mishikaki na bia. Ilikuwa Septemba 1994. Tulikuwa na wiki tano tu tangu turudi Kigali, katika nchi ambayo mimi na mke wangu Athanasie tulikuwa tukiijua kwa kusimuliwa na wazazi.

Jirani yangu Muhire, aliyekulia Uganda, mwembamba kama ufito, alikuwa akikimbia kila asubuhi kutoka mtaani kwetu Gisimenti hadi uwanja wa ndege na kurudi. Aliposikia habari yangu alifurahi utadhani nimemletea posa.

"Mzee Libère, kesho saa kumi na mbili nakugongea mlango. Kukimbia iko bure, na unasalimia watu njiani."

"Watu wenyewe watanicheka," nikamjibu. "Mimi nina baiskeli."

Nilisema hivyo bila hata kupepesa macho. Baiskeli haikuwa yangu.

Tulipofika Agosti tuliingia katika nyumba tupu nyuma ya Gisimenti, kama walivyofanya wengi. Siku ya kwanza alikuja Mutsinzi, fundi seremala wa jirani aliyenusurika yale mauaji ya kimbari ya mwaka ule, akatupeleka hadi kwenye migomba nyuma ya nyumba na kutuonyesha tuta dogo.

"Hapa tulimzika Damascène, mwezi wa nne, haraka haraka. Alikuwa anapanga ile chumba ya nyuma. Baiskeri yake iko mu sitoo."

Athanasie alilizungushia tuta mawe siku hiyohiyo. Mimi nilikwenda kuitazama baiskeli.

Ilikuwa ya kijani, imara, haijapata hata kutu. Kiti chake kilivishwa kifuniko cha kufuma kwa uzi wa sweta, mistari ya manjano na bluu, kimefungwa kwa chini na kamba ya mafundo mawili. Mtu alikaa akakifuma kile kitu kwa upendo. Nililiona hilo tangu siku ya kwanza, siwezi kujitia sikuliona.

"Papa Bertrand," mke wangu akaniambia, akiniita kwa jina la mwanetu kama kawaida yake, aliponikuta najaza upepo, "ile baiskeri iko na wenyewe. Tuulize kwanza ndugu zake."

"Mwenyewe yuko migombani."

"Ndugu hawakukufa wote."

Nikamfokea. Nikamuuliza kama anataka watu waje kuulizia na nyumba. Hapo ndipo penyewe. Tangu nizaliwe nilikuwa nimeishi katika vyumba vya kupanga, kwenye nchi ya watu, na sasa nilikuwa na paa na ua na mlango wa kufunga kwa ufunguo. Sikutaka mtu yeyote abishe hodi.

Basi nikaanza. Wiki ya kwanza nilifika uwanja wa ndege nikihema, wiki ya tatu nikawa nampita Muhire njiani, nampigia kengele, naye ananitupia maneno kwamba mwanaume mzima ananyonyeshwa na magurudumu. Suruali zikaanza kunipwaya. Kufikia Oktoba nilikuwa nakwenda mpaka Kabuga, nje ya mji, kila Jumamosi, nanunua ndizi, nakunywa chai, narudi. Nilikuwa na furaha, na leo furaha ile inanichoma.

Jumamosi moja niliiegemeza baiskeli karibu na wauza ndizi wa Kabuga nikawa nalipa. Nilipogeuka nilikuta mwanamke amesimama mbele yake. Alikuwa na beseni la viazi kichwani, umri wa miaka thelathini hivi. Mkono wake ulikuwa chini ya kiti, anapapasa yale mafundo mawili ya kamba kama kipofu.

"Papa," akasema polepole, "hii kifuniko nilifuma mimi. Iko ya ndugu yangu. Ulipata wapi hii baiskeri?"

Jibu lilikuwa fupi. Ningemwambia, dada, ndugu yako yuko nyumbani kwangu, chini ya migomba, mke wangu amemwekea mawe, njoo nikupeleke. Lakini kichwani mwangu nilimwona tayari amesimama getini na barua ya serikali, na mimi na Athanasie tumeketi juu ya mabegi yetu barabarani. Nikaupandisha ule mguu wangu mnene juu ya baiskeli, nikaondoka.

Beseni lilianguka, nikasikia viazi vikitawanyika. Kisha nikasikia miguu. Alikuwa anakimbia, tena anakimbia sana, na kwa hatua za mwanzo alikuwa karibu kunishika shati.

"Papa, simama! Baiskeri sitaki! Baki nayo! Niambie tu iko wapi!"

Nilisikia kila neno. Alikuwa anamuulizia mtu, si chuma, na nilielewa hivyo hivyo. Ila barabara ya kutoka Kabuga inateremka, na baiskeli haikuhitaji hata kunyongwa. Ingekuwa nimekuja kwa miguu kama Muhire, yule dada angenikamata kabla ya nyumba ya tatu, na ningesema nitake nisitake.

Nyumbani sikula. Siku tatu nilijitia naumwa, ya nne nikamweleza Athanasie. Hakunifokea, na heri angenifokea.

"Damascène alikuwa mpangaji," akasema. "Hata hii nyumba haikuwa yake. Ulikimbia nini, Papa Bertrand?"

Asubuhi yake nikamgongea Muhire, nikamweleza yote na kumwomba anisindikize Kabuga. Akashauri tupande basi, nikakataa. Nilitaka yule dada akiniona anikute kwa miguu, nisiwe na chombo cha kunitorosha. Tulikimbia, tukatembea, tukakimbia tena. Magoti yaliniwaka moto, kifua kikawa kama kinapasuka, na mfukoni nilikuwa na kile kifuniko cha kiti. Tulifika Kabuga jua limeshapanda.

Muuza ndizi alinitambua kabla sijafungua kinywa.

"Ni wewe! Unatafuta Mukantwari? Amekwenda. Jana alipanda basi ya Gitarama, atafika mpaka Butare."

"Kufanya nini?"

"Kutafuta ndugu yake." Akatabasamu, maana alidhani ananipa habari njema. "Ile siku alirudi hapa anacheka na kulia. Alisema, yule papa angeokota baiskeri ya mtu amekufa, angesema tu. Amekimbia kwa sababu ameiiba kwa mtu mwenye hajakufa. Damascène iko hai. Tangu mwezi wa nne hatujamwona anacheka namna ile."

Nilikaa chini palepale, kati ya maganda ya ndizi. Muhire alisimama pembeni, hakuwa na utani wowote siku hiyo.

Tuliacha ujumbe kwa kila muuzaji na kila dereva, kwamba Mukantwari akirudi aje kwetu Gisimenti. Nimeandika barua kwa parokia ya Gitarama na ya Butare. Novemba dereva mmoja alituambia amemwona sokoni Butare ameshika picha, anazunguka, amekonda lakini uso una nuru. Nikapanda basi siku ileile, nikazunguka Butare siku mbili, sikumpata.

Sasa ni Desemba. Baiskeli imerudi stoo. Kifuniko tumekifua na kukifunga getini, upande wa barabara, aone kama atapita. Mvua ikinyesha Athanasie hukitoa, ikikatika hukirudisha. Mimi nakimbia na Muhire kila asubuhi. Presha imeshuka, muuguzi ananisifu mbele ya wagonjwa wengine, nami nainamisha uso.

Kabla ya kutoka hupita kwanza migombani, nikasimama kwenye lile tuta na kumwomba Damascène msamaha. Huko Butare, dada yake bado anawauliza watu kama wamemwona akipita.