Saa Sita ya Ukutani

Mhandisi alikuwa ameshaandika neno moja kwa chaki chini ya saa ya kivuli iliyochongwa ukutani: FUTA.

Fundi rangi alilisoma akiwa juu ya jukwaa, brashi mkononi. Wiki nzima alikuwa akibandua chokaa kwenye ukuta wa nyumba ile kongwe, polepole kama anayemvua viatu mtoto aliyelala, mpaka zikatokea namba zilizochongwa na babu yake mzaa mama. Babu hakuacha picha, na kaburi lake halina jina. Aliacha namba hizo tu.

"Saa mbovu hiyo, dada," mhandisi alisema kutoka chini. "Mstari wa katikati, ulioshuka wima, ni wa adhuhuri. Ulitakiwa uandikwe kumi na mbili. Babu yako kaandika sita! Tutazindua nyumba na saa inayodanganya watu?"

"Haidanganyi, kaka. Subiri jua lifike utosini. Ikikosea, naifuta kwa mkono wangu mwenyewe."

"Haya. Usije ukanililia."

Ufito wa chuma ulikuwa bado imara palepale babu alipoupigilia. Kivuli chake kikajikokota, konokono ana afadhali. Mafundi wakaweka chini ndoo zao wakakusanyika. Mwishowe kikalala juu ya mstari wa katikati, sawasawa.

Mhandisi akainua simu kama refa anayetoa kadi nyekundu. "Kumi na mbili kamili! Ukuta unasema sita. Futa!"

Fundi hakugusa msasa. "Mpigie wifi, kaka. Weka sauti kubwa, umuulize saa ngapi."

"Mke wangu anaingiaje hapa?"

"Muulize tu."

Akapiga. "Mama Pacha, saa ngapi sasa?"

"Saa sita, baba watoto. Kwani hiyo simu yako ni pambo?"

Kicheko kikalipuka jengo zima, na aliyecheka zaidi, mpaka akashika mbavu, alikuwa mhandisi.

"Kumbe macho yangu yanasoma kumi na mbili, mdomo unasema sita!" Akafuta lile neno kwa mkono wa shati lake jeupe. "Mzee alichonga tunavyosema. Dada, andika na jina lake hapo chini. Herufi kubwa, lionekane mpaka barabarani."

Fundi akachovya brashi. Alipomaliza herufi ya mwisho, vigelegele vikipaa kutoka chini, kivuli cha babu kilikuwa kimeshashika njia ya kwenda saa saba.